Sanduku Lililotiwa Plasta

Nilikuwa ninamalizia herufi ya mwisho ya jina lake, ile Y ya Lockerby, pale mikono miwili inapokutana na mguu, niliposikia gari la nyumba ya wazee likipunguza mwendo kwenye changarawe. Sikuinua kichwa. Mahali herufi inapokutana na nafsi yake ndipo jiwe humeguka, na mimi sijawahi kumegua jiwe kwa sababu ya mgeni.

Jiwe la chokaa la kwetu ni pole. Ukiliegemezea tindo kwa pembe yake na kuigonga kwa nyundo ya mti bila pupa, linaachia vumbi jeupe kama unga, na herufi inajitokeza yenyewe kama kitu kilichokuwamo humo siku zote. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa mawe yaliyovunjika yaliyotupwa nyuma ya kanisa, majira matatu ya baridi mfululizo, nikikata alfabeti na kuifuta, nikikata na kuifuta, mpaka mkono ukaacha kunidanganya.

Jina lilikuwa tayari: WINNIFRED LOCKERBY. Chini yake mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu mahali patupu. Hapa Corrigal watu wengi hununua jiwe wakiwa bado hai, likasimamishwa makaburini likiwangoja, nao huenda Jumapili baada ya ibada kulitazama kama mtu anavyokwenda kutazama nyumba yake inavyojengwa. Chini ya ule mwaka kulikuwa na mstari mmoja nilioandika kwa penseli mwishoni mwa Agosti, na tangu hapo sikuugusa:

ALIWAJALI WATOTO WA DUNIA

Ilikuwa Jumatano. Lori la winchi lilikuwa lije Ijumaa jioni, mara ya mwisho kabla ya ardhi kuganda. Jiwe ambalo halitasimamishwa Ijumaa lingesubiri hadi Mei. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: nikiuanza ule mstari mchana huo, Ijumaa ungekuwa umekwisha. Nikiuanza kesho yake, usingewahi. Na Mwalimu Lockerby alikuwa na miaka tisini na mmoja, na moyo ambao madaktari wa mjini walikuwa wameacha kuuzungumzia kwa tarakimu.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Nikapuliza vumbi kwenye Y.

*

Mwaka wa sitini na saba nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu, Paraska Dubyna, alikuwa mjane na msafishaji wa shule. Tuliishi ng'ambo ya reli, upande ambao barabara haikuwa na jina. Mwalimu Lockerby alifundisha darasa letu, na mumewe alikuwa meneja wa benki. Aliniita Stephanie. Jina langu ni Stefka, lakini siku ya kwanza alipoita majina alisimama kidogo pale langu lilipoandikwa, akalitengeneza kwa wino, akaendelea.

Kila Oktoba aligawa masanduku ya watoto wa dunia. Yalikuwa ya karatasi ngumu, bapa, rangi ya machungwa. Tuliyakunja wenyewe kwenye madawati, tukapitisha uzi, tukayavaa shingoni. Jioni ya Halowini, sikukuu ya vinyago ya mwisho wa Oktoba, ulikwenda nyumba kwa nyumba, ukapiga kelele mlangoni, ukatiwa karanga na peremende za molasi kwenye foronya yako, kisha ukatikisa sanduku ili mwenye nyumba akumbuke kwamba kuna watoto wengine, mbali huko, wasio na karanga wala molasi. Mwenye sanduku zito kuliko wote alipigwa picha na gazeti la wilaya.

Nililitaka lile gazeti. Sitajifanya kwamba niliwawaza watoto wa dunia peke yao.

Theluji ilikuwa imeanza mapema. Kwetu hakuna mtoto anayeonekana kama alivyokusudia jioni ya Halowini, maana kila kinyago huvaliwa juu ya jaketi la theluji. Mizimu minene, malaika wanene, maharamia wanene. Mimi nilivaa koti la marehemu baba na kujipaka masharubu ya masizi. Nilikuwa mzururaji. Niliigawa Corrigal mitaa sita kwenye karatasi, nikaanza saa kumi na moja kamili, na sikuruka mlango hata mmoja.

"Matufaha ya Halowini!" tulipiga kelele. Hakuna aliyetoa matufaha. Ndivyo tu ilivyosemwa.

Mtoto anayesikiliza hujifunza haraka. Senti moja ya shaba hudondoka kwa sauti butu. Sarafu ya senti kumi ni nyembamba, inalia kama kijiko kidogo. Ya senti tano ni nzito kidogo, inagonga mara moja na kunyamaza. Kufikia mtaa wa pili nilikuwa ninajua nilichopewa kabla mwenye nyumba hajaondoa mkono. Daktari Pruden alitoa senti za shaba tano, moja baada ya nyingine, polepole, kana kwamba anadondosha dawa. "Haya, haya, hazina ya taifa hiyo," akasema, na wageni wake sebuleni wakacheka.

Mwalimu Lockerby alifungua mlango akiwa na glovu mkononi; walikuwa wanatoka. Nyuma yangu kulikuwa na mizimu miwili inasukumana.

"Stephanie. Umeenda nyumba ngapi?"

"Thelathini na nane, Mwalimu."

"Vizuri sana." Akapapasa mfukoni, akatia. Ikagonga mara moja na kunyamaza.

Nilivuka reli nikiwa nimechoka, na huko pia nikabisha kila mlango, ingawa watoto wengine hawakuenda. Bibi Horpyna alitaka kujua kwanza. "Watoto gani hao? Wazazi wao wako wapi?" Nikamwambia sijui. Akaingia ndani, akakaa muda, akarudi na senti mbili zilizofungwa kwenye leso. "Waambie zimetoka kwa Horpyna," akasema. "Wasije wakadhani zimetoka serikalini."

Ni kwenye ngazi zake karatasi ilipochoka. Kitako cha sanduku kilikuwa kimelowa theluji tangu mtaa wa nne. Kikaachia, na kila kitu nilichokusanya kikamwagika. Nilivua glovu. Niliokota sarafu moja moja kwa vidole mpaka vidole vikawa si vyangu, nikapapasa chini ya ngazi, nikapapasa tena. Nyumbani hatukuwa na gundi wala utepe. Mama alikuwa na plasta ya vidonda. Nilizipanga zile sarafu zikauke kando ya jiko, nikakausha sanduku, nikalitia plasta kitako chote, safu mbili, vizuri. Hadi leo ninasema ilikuwa kazi nzuri.

*

"Dada Stefka!" Delbert, dereva wa nyumba ya wazee, aliingia akimsukuma Mwalimu mbele yake kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mpaka kidevuni. "Nimekuletea bosi wako. Leo kaamka vibaya. Kanikosoa Kiingereza changu tangu kwenye lifti."

"Kinastahili kukosolewa," akasema Mwalimu Lockerby.

"Unasikia? Miaka arobaini na tano tangu nitoke darasani kwake, bado nasahihishwa."

"Bado unakosea."

Delbert akacheka, akamfungia breki za kiti mbele ya jiwe, akaniambia atakuwa nje anavuta sigara moja, na kama zikiwa mbili nisimwambie muuguzi.

Ilikuwa mara yake ya tano. Mara ya kwanza, Agosti, alikuja na maneno yake kwenye kipande cha karatasi, mwandiko uleule wa ubaoni, umetetemeka kidogo tu. Aliyachagua mawe yangu kwa kuyagusa. "Daima ulikuwa na mikono mizuri," aliniambia. Niliuangalia uso wake nione kama kuna kitu nyuma ya hiyo sentensi. Sikuona kitu. Nikamwandikia bei, ileile ninayomtoza kila mtu, akatia sahihi.

Sikumchukulia hatua siku hiyo. Mimi ni mtu wa kukaa na jambo. Nililipeleka jiwe kwenye egemeo la kukatia, nikapima, nikachora mistari, nikajiuliza kwa wiki mbili kama inawezekana amesahau. Maana mtu husahau, na kumwadhibu aliyesahau ni sawa na kumpiga aliyelala. Kwa hiyo mara ya pili alipokuja, Septemba, nilimuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyouliza kuhusu unene wa jiwe.

"Mwalimu, mwaka ule wa sanduku langu, ulitia ngapi?"

Hakuuliza mwaka gani. Hakuuliza sanduku gani.

"Dola moja," akasema.

Basi nikajua kwamba hakusahau. Nikamwambia mstari wa chini utakatwa mwisho. Alikuja mara ya tatu na ya nne, akautazama ukiwa bado wa penseli, na mara zote mbili nilimuuliza, na mara zote mbili ilikuwa dola moja.

*

Asubuhi ya baada ya Halowini masanduku yalifunguliwa mbele ya darasa zima. Langu alilinyanyua, akaligeuza, akaona plasta.

"Hili limefunguliwa."

"Lilipasuka, Mwalimu. Lililowa."

"Sanduku linafunguliwa na nani?"

"Na mwalimu."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine, Mwalimu."

Alizihesabu mwenyewe. Dola nane na senti thelathini na saba. Hakuna aliyewahi kufikisha nusu yake. Hakufurahi. Nadhani hakuweza kuamini kwamba mtoto wa ng'ambo ya reli angekusanya kiasi kile na kukileta chote. Hilo nimelifikiria sana, na bado nasema nadhani.

Alinipa daftari jipya. Adhabu haikuwa kiboko. "Utarudi kwenye kila nyumba," akasema, "na utauliza kila mtu alitia kiasi gani, na utaandika watakachokuambia. Kisha tutalinganisha. Kama wewe ni mkweli, hesabu itakutetea."

Nilifurahi. Mtaona nilivyokuwa mjinga: nilifurahi. Niliipenda hesabu, niliamini kwamba hesabu haina upande wa reli.

Siku tatu baada ya masomo nilizunguka na lile daftari. Na hapo ndipo nilipojifunza kitu kuhusu watu wa Corrigal ambacho sijapata kukisahau. Simama mlangoni kwa mtu wa heshima, mtoto mdogo na penseli, umuulize alitoa kiasi gani kwa watoto wenye njaa. Hatakuambia senti tano. Hawezi. Mdomo wake hautafika.

"Ilikuwa... nadhani senti ishirini na tano," alisema mke wa mwenye duka, ambaye alitoa tatu.

"Hamsini," alisema Daktari Pruden bila hata kufikiri, akanipigapiga begani. "Andika hamsini. Na mimi ndiye niliyekuambia hazina ya taifa, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka zilivyodondoka, moja, mbili, tatu, nne, tano. Penseli ilisimama juu ya karatasi. Lakini mimi nilikuwa nani, miaka kumi, masizi bado kwenye kona za mdomo, kumwambia daktari aliyenitibu surua kwamba anasema uongo? Mwalimu alisema niandike watakachoniambia. Niliandika hamsini.

Ng'ambo ya reli walisema kilekile walichotoa. "Mbili," alisema Bibi Horpyna. "Kwani zimepotea? Nikupe nyingine?"

Siku ya nne nilimsomea Mwalimu orodha yote mbele ya darasa. Nilipofika kwenye mtaa wake nilisimama, kwa sababu nyumba yake nilikuwa sijaiuliza. Niliona si heshima kumuuliza mwalimu wangu mlangoni.

"Nyumba yangu?" akasema. Darasa lote lilikuwa linamtazama. Alikuwa amesimama kando ya ramani ya dunia, ile yenye picha za watoto zilizobandikwa kwenye bahari. Wekundu ulimpanda shingoni kidogo, nikauona.

"Andika dola moja," akasema. "Dola ya fedha."

Hakukuwa na dola ya fedha kwenye zile sarafu. Kila mtu alikuwa ameziona zikimwagwa mezani. Orodha ilifika dola kumi na moja na senti tisini. Akachora mstari ubaoni, akatoa, akaandika tofauti: tatu na hamsini na tatu. Akaiandika kubwa. Kisha akaniambia niketi, kwa upole, na ule upole ndio uliolifanya darasa liamini.

Senti mbili ninakubali. Aprili, theluji ilipoyeyuka, nilikwenda kwenye ngazi za Bibi Horpyna, nikachimba kwa kijiko, nikazipata mbili, nyeusi. Hizo ni zangu. Zilipotea mikononi mwangu. Dola tatu na hamsini na moja hazikuwahi kuwapo.

*

Jioni ile mama alikuwa anapiga deki korido wakati Mwalimu alipomwita. Mimi nilingoja kwenye ndoano za makoti. Sikusikia maneno, nilisikia tu sauti mbili, moja ndefu na moja fupi sana. Kisha mama akatoka, akafungua pochi yake, akarudi ndani. Nilisikia sarafu zikiwekwa kwenye meza. Nilizijua zote kwa sauti.

Tulitembea hadi nyumbani. Alinipa supu ya bitiruti, akanikatia mkate, akakaa akinitazama nikila. Niliona anangoja niseme, nami nilikuwa ninangoja aniulize. Hakuniuliza. Hakuniuliza usiku ule, wala mwaka ule, wala nilipoacha shule nikiwa na kumi na tano kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye pochi zinasogezwa anapopita.

Nililipiza kisasi kimoja cha kitoto. Kwetu ilikuwa desturi, Halowini, kuwapaka watu sabuni madirishani, na wenyewe wakaosha kesho yake wakigunaguna. Uliyemchukia kweli ulimpaka nta ya mshumaa, maana nta haitoki kwa maji. Halowini iliyofuata, kabla giza halijakamilika, Mwalimu na mumewe wakiwa kanisani kwenye chakula, nilikwenda na mshumaa mzima nyumbani kwa meneja wa benki. Madirisha tisa. Katika kila kioo niliandika tarakimu moja: 5. Kubwa, kutoka kona hadi kona, kwa mwandiko mzuri.

Kwa siku mbili zilizofuata nilimwona Mwalimu, nikienda shule na nikirudi, amesimama juu ya kiti na wembe, anakwangua. Upepo ulikuwa mkali. Hakumwita polisi, hakuleta mtu wa kumsaidia, hakusema neno shuleni. Mumewe aliuliza mjini nani aliyefanya, yeye hakuuliza. Nilijua basi kwamba tunajuana.

Nilidhani inatosha. Kwa miaka mingi ilitosha. Nilikuwa na kazi yangu, nilimkatia jiwe Daktari Pruden, nikamkatia Bibi Horpyna bila malipo, na mumewe Mwalimu pia, kwa bei ya kila mtu.

Kisha mama akaanza kufa, miaka kumi na moja iliyopita, katika chumba chenye dirisha linalotazama ghala la ngano. Ilimchukua wiki tatu. Asubuhi moja alifumbua macho akiwa na akili yake yote, akaushika mkono wangu huu wenye sugu.

"Stefka. Zile pesa za sanduku."

"Ndiyo, Mama."

"Tulikuwa hatuna kitu mwaka ule. Ulikuwa mtoto, ulikuwa unatamani vitu. Sikukukasirikia, mwanangu. Hata siku moja. Nilitaka ujue."

"Sikuchukua, Mama."

"Najua, najua," akasema, akanipapasa mkono, hivi, hivi, kama unavyompapasa mtoto anayeapa kwamba si yeye aliyemwaga maziwa. "Yameshapita."

Siku mbili baadaye akafa. Amenisamehe. Amelala pale juu kwenye makaburi chini ya jiwe nililolikata mwenyewe, na amenisamehe, na sina namna ya kuuondoa ule msamaha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nilimwekea ajuza wa miaka tisini na mmoja mstari wa penseli kwa miezi miwili, sijibu kwamba ni kwa ajili ya sarafu.

*

Mwalimu Lockerby alinyoosha kidole kutoka chini ya blanketi, akagusa Y iliyokuwa bado na joto la tindo.

"Ni nzuri," akasema. Kisha akatazama chini yake. "Ijumaa itakuwa tayari?"

"Ulitia ngapi, Mwalimu?"

Nje Delbert alikuwa anaimba kitu peke yake. Jiko la kuni lilipasua kijiti. Nilikuwa nimeshaanza kuigeukia kazi, nikijua jibu.

"Senti tano," akasema.

Niliweka nyundo chini.

"Tulikuwa tunachelewa. Sikuwa na nyingine mkononi. Ningetia zaidi kama mlango ungekuwa... hapana." Alijikatiza. Alikuwa mwalimu, hakupenda sentensi iliyovunjika. "Nilikuwa na nyingine. Nilitia senti tano kwa sababu ulikuwa wewe, na sikudhani ungejua."

"Kisha ukaandikisha dola."

"Watoto thelathini walikuwa wananitazama. Ningesema nini? Nilikuwa nimewafundisha mwezi mzima kuhusu kutoa."

"Ulijua siku ileile kwamba sikuchukua."

"Niliposikia hamsini za Pruden nilijua. Pruden hakuwahi kutoa senti hamsini kwa kiumbe yeyote." Nusura atabasamu, akaona uso wangu, akaacha. "Nilidhani litapita. Sikujua mama yako angelipa."

"Lakini alipolipa ulizipokea."

"Nilizipokea."

"Kutoka mkononi mwake."

"Ndiyo, Stephanie. Zilikwenda kwa watoto. Zote, kila senti. Kama hilo lina maana yoyote."

Nilikwenda mlangoni. "Delbert! Njoo hapa mara moja."

Alikuja akificha sigara nyuma. "Nini? Kaanguka?"

"Mwalimu ana jambo la kusema. Lisemwe mbele ya mtu."

Mwalimu aliniangalia. Macho yake yalikuwa na maji ya uzee, lakini nyuma ya maji alikuwa yuleyule aliyesimama kando ya ramani. Nikadhani atakataa. Kusema kweli, nilitamani akatae.

"Mwaka wa sitini na saba," alimwambia Delbert, kwa sauti yake ya darasani, kila neno mahali pake, "nilitia senti tano kwenye sanduku la Stefka Dubyna, nikasema nilitia dola moja. Yeye akaitwa mwizi. Hakuwa mwizi."

Delbert alitutazama, yeye, mimi, yeye. Akangoja lililobaki. Alipoona hakuna lililobaki, uso wake ukalegea.

"Senti tano?" akasema. "Mwalimu! Hata mimi bahili nakushinda. Na hilo ndilo lililokunyima usingizi miaka hamsini na ngapi? Mungu wangu. Mimi na kaka yangu tuliziiba za kwetu zote, tukanunua sigara."

Akacheka cheko lake zuri, akamrekebishia blanketi mabegani. Mwalimu hakucheka. Mimi pia sikucheka. Nilisimama pale na vumbi jeupe mpaka kwenye viwiko, nikingojea kitu kishuke, uzito fulani, niliokuwa nimejiahidi tangu nikiwa na miaka kumi kwamba utashuka. Dereva mmoja alikuwa amesikia. Walionitazama siku ile darasani wengi niliwakatia mawe mimi mwenyewe. Na yule mmoja niliyemtaka asikie alikuwa kule juu, ametulia, ameridhika na msamaha wake.

"Nimesema," akasema Mwalimu Lockerby. "Nimelisema mbele ya mtu, kama ulivyotaka. Sasa utaukata mstari wangu?"

"Nitaukata."

"Lini?"

"Kesho, Mwalimu."

Alikuwa hodari wa hesabu kuliko sote. Alitazama zile herufi za penseli, midomo ikasogea kidogo, akizihesabu. Akatazama dirishani, kwenye nyasi zilizokuwa zimekwisha kuwa za kijivu. Kisha akanitazama mimi.

"Kesho," akasema.

"Kesho asubuhi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alama alizozitarajia. Delbert akafungua breki. Mlangoni kiti kilikwama kidogo kwenye kizingiti. Niliinama nikamsaidia kuliinua gurudumu, naye akasema ahsante, nami nikasema karibu tena.

Niliwasikia wakiondoka hadi changarawe ikaisha. Redio ilisema ardhi itaanza kuganda alfajiri ya Jumamosi. Nilichukua brashi nikausafisha mstari wa penseli, nikaziimarisha herufi mbili zilizokuwa zimefifia ili nisipate shida ya kuziona. Nikainoa tindo nyembamba, ile ya mstari wa chini, nikaijaribu kwa ukucha. Ilikuwa kali. Niliifunga kwenye kitambaa chake, nikalifunika jiwe kwa turubai, nikafungia kamba pembe zote nne.

Mwanga ulikuwa bado upo, wa kazi ya saa mbili nzima.